Haraka ya Nani?

Kuna sentensi moja ambayo kila kijana anayeandika programu ameshaambiwa, na aliyeambiwa leo atamwambia mwingine kesho: hilo limeshaandikwa, chukua maktaba, endelea na maisha yako. Mimi niliambiwa na mkuu wangu wa kazi, mtu mwema, hodari wa kununulia watu chai, siku aliponikuta saa ya chakula cha mchana naandika asembli. Alisimama nyuma ya kiti changu akasoma kwenye kioo: movdqu, pcmpeqb, pmovmskb. Akacheka kicheko cha mtu aliyemwona mwenziwe akifyeka uwanja wa mpira kwa mkasi.

"Unatafuta nini humo, dada?"

"Neno."

"Neno gani?"

"Neno lolote la Kiswahili."

Akacheka tena. Kicheko hiki cha pili ndicho kilichonifanya niandike haya.

Cha kwanza nakisamehe. Asembli tuliyofundishwa chuoni ilistahili kuchekwa. Muhula mzima tulikariri majina ya rejista za 8086, chipu ya Intel ya mwaka 1978, tukajumlisha namba mbili kwenye dirisha jeusi, tukafanya mtihani, tukasahau. Hakuna hata mmoja wetu aliyeandika kitu ambacho mtu mwingine angekitumia. Ni kumfundisha mtu ushonaji kwa kumkaririsha sehemu za cherehani, kisha ukampa cheti hajagusa kitambaa. Mtu akitoka hapo akasema asembli ni ya makumbusho, simlaumu. Makumbusho ndiko alikokutana nayo.

Kicheko cha pili kina hoja ndani yake, nayo ni hii: mashine haijui Kiswahili wala Kiingereza, inajua baiti tu, kwa hiyo kasi ni kasi, haina lugha. Nimeisikia kwa watu wenye shahada kubwa kuliko zangu. Ni uongo, na naweza kuuonyesha kwa penseli na karatasi kabla hatujagusa kompyuta.

Chukua methali ambayo kila mtoto anaijua: haraka haraka haina baraka. Ukihesabu herufi pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno, unapata 26. Sasa tafuta humo neno "baraka".

Njia ya mtoto ni kulinganisha b na herufi ya kwanza ya methali, ikikataa unasogea moja, unalinganisha tena. Utakataliwa mara 20, kisha utaifikia b ya kweli na kuhakikisha herufi zake sita. Jumla umetazama mara 26. Methali nzima, hakuna ulichokiruka.

Mwaka 1977 Robert Boyer na J Strother Moore walichapisha njia iliyoanzia mwisho wa neno badala ya mwanzo, na mwaka 1980 Nigel Horspool akaipunguza mpaka ikawa rahisi kuikumbuka. Unaweka dirisha la herufi sita juu ya methali. Unalinganisha kutoka kulia kwenda kushoto. Ukikwama, unatazama herufi ya methali iliyo chini ya ukingo wa kulia wa dirisha, na jedwali dogo linakwambia uruke kiasi gani. Kwa "baraka" jedwali linasema: k ruka 1, a ruka 2, r ruka 3, b ruka 5, kitu kingine chochote ruka 6 zote.

Twende. Dirisha la kwanza linaangukia "haraka". Kutoka kulia: a ni a, k ni k, a, r, a, zote zinakubali, halafu ya sita unakuta h ulikotaka b. Umetazama mara sita bure. Ukingo uko juu ya a, kwa hiyo ruka mbili tu. Sasa ukingo uko juu ya h ya "haraka" ya pili. Hamna h katika "baraka": ruka sita. Unaangukia nafasi tupu: ruka sita. Nafasi tupu tena: ruka sita. Na hapo dirisha limekaa sawasawa juu ya "baraka". Sita, moja, moja, moja, sita: mara 15 badala ya 26. Mashine imeruka zaidi ya theluthi ya methali bila kuigusa, na haikukosea. Siku ya kwanza nilipoifanya hesabu hii kwa mkono nilikuwa ndani ya daladala, nikapitiliza kituo.

Lakini tazama kilichokuokoa: h moja na nafasi tupu mbili, vitu visivyomo kwenye neno. Na kilichokuchelewesha ni a. Kila njia ya kutafuta kwa kasi inaweka dau, kwamba herufi nitakayokutana nayo huenda haimo katika neno ninalolitafuta. Dau hilo linalipa au halilipi kulingana na lugha iliyo mbele yako. Katika methali yetu, kati ya herufi 23, a ni 11. Hakuna e hata moja. Nenda sasa kwa Waingereza: herufi yao kuu ni e, ndiyo maana katika msimbo wa Morse e imepewa nukta moja tu, na vitufe vya mashine ya kuchapia ya Linotype vilipangwa kuanzia e, t, a, o, i, n. Maneno yao yanajaa konsonanti zilizorundikana na yanakwisha kwa chochote. Yetu yana irabu tano, karibu kila silabi inafungwa na mojawapo, na neno letu lenye asili ya Kibantu halikubali kuishia kwenye konsonanti. Ukingo wa dirisha ukianguka mahali popote katika maandishi ya Kiswahili, kuna uwezekano mkubwa umeangukia irabu, na irabu hiyo hiyo imo katika neno lako, tena karibu na mwisho. Utaruka hatua za kuku. Jaribu kuandika jedwali la "haraka" utaona a inakupa ruka 2. Neno lenyewe la mwendo linatafutwa polepole.

Hata kipimo chenyewe tumepimiwa. Kuna mkusanyiko wa mafaili uitwao Canterbury, uliotengenezwa kupimia ufinyazaji wa data na watafiti wa utafutaji wa maneno wakauazima. Sehemu yake kubwa ina mafaili matatu: vinasaba vya bakteria E. coli, Biblia ya King James, na kitabu cha CIA cha takwimu za nchi za dunia cha 1992. Bakteria wa tumboni amepata kiti. Halafu mtu anakuletea grafu na kukuambia hii ndiyo njia yenye kasi kuliko zote, nukta.

Sasa niseme natafuta kwa ajili ya nani, maana wako pia wanaoandika asembli ili waonekane, na sitaki kuhesabiwa nao. (Wao huandika kwa asembli hata kitu kinachosubiri diski au mtandao. Prosesa inalala, wao wanaipigia makofi kwa kulala haraka.)

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Tanga. Kwa miaka amekusanya maandishi ya Kiswahili kwenye kompyuta moja ya mitumba: habari za magazeti, kumbukumbu za mijadala ya Bunge, hadithi ambazo wanafunzi wake wa zamani wamemchapia. Anachotaka ni kuona mzizi wa neno unavyoishi. Anauliza -pend-, anasoma mistari inayotoka, jibu linamzalia swali, anauliza -pendez-, kisha -pendelev-. Programu ya kwanza niliyomwandikia nilikuwa bado mwanafunzi, nayo ilisoma herufi kwa herufi. Umeme wa kwake unakwenda unapotaka, na betri ile haimalizi saa nzima.

"Mwanangu," aliniambia kwa simu, bila hasira, "hii programu yako ikianza kutafuta, mimi nakwenda kuteka maji. Nikirudi nimesahau nilichokuwa nauliza."

Mjuzi ataniambia: jenga faharasa. Asante, nilijenga. Faharasa ya maneno inafaa lugha ambayo mtu akitaka neno anajua linaanzaje. Mzizi wetu unakaa katikati, umevaa viambishi mbele na nyuma: anayempenda, hawakupendelewa, kipendacho. Mjomba anataka cha katikati. Zipo faharasa za vipande vya herufi tatu tatu, nazo kwa kompyuta ile na diski ile zilikuwa mzigo juu ya mzigo. Kwa hiyo nikarudi kwenye swali la zamani kabisa: una rundo la baiti, una neno fupi, liko wapi?

Hapa ndipo asembli inapoingia, na sitamchosha msomaji. Tangu Pentium 4 ya mwaka 2000, prosesa za Intel zina rejista zinazobeba baiti 16 kwa pamoja na amri za kuzifanyia kazi zote kwa mkupuo. Kila prosesa ya x86 ya biti 64 inazo, hata ile ya mitumba. Unachagua herufi moja ya neno lako, tuseme b, unaijaza katika rejista mara 16. Unapakia baiti 16 za maandishi katika rejista nyingine. Amri moja, pcmpeqb, inalinganisha jozi zote 16 kwa wakati mmoja. Ya pili, pmovmskb, inakusanya majibu yawe namba moja ya biti 16, biti moja kwa kila herufi. Ikiwa namba ni sifuri, hakuna b humo, endelea. Ikiwa si sifuri, amri ya tatu, bsf, inakupa biti ya kwanza iliyowaka.

Rudi kwenye methali. Kipande cha kwanza cha baiti 16 ni "haraka haraka ha". Jibu sifuri. Cha pili kinaanza na "ina baraka". Biti namba 4 inawaka, ukihesabu kuanzia sifuri. Vipande viwili, basi. Nilipoona hivyo nilitaka kumpigia mtu simu, saa nane za usiku, na sikuwa na wa kumpigia.

Ila kuna kitu nimekiruka. Kipande cha pili kina herufi 10 tu za methali. Mashine imesoma sita zaidi ambazo si zako. Mara nyingi hakuna anayejua. Kumbukumbu imegawanywa katika kurasa za baiti 4096, na ukichungulia kidogo nje ya faili lako ukiwa bado ndani ya ukurasa uleule, hakuna anayekukamata. Faili likiishia pale pale ukurasa unapoishia, hatua moja mbele ni ukuta, na mfumo unaiua programu yako papo hapo. Kwangu ilifanya kazi wiki mbili. Kwa mjomba ilikufa siku ya kwanza, kwenye faili moja tu kati ya mamia, faili ambalo ukubwa wake uligawanyika kwa 4096 bila kubakiza kitu. Nilimlaumu virusi, nikalaumu diski. Dawa yake ni ndogo: kipande kinachoanza kwenye anwani inayogawanyika kwa 16 hakiwezi kuvuka ukurasa, kwa sababu 4096 inagawanyika kwa 16. Unaanzia hapo kila mara, au kipande cha mwisho unakirudisha nyuma mpaka kiishie sawasawa na faili.

Hayo yote, nakiri, maktaba nzuri inayajua. Mkuu wangu angeweza kuishia hapo na kushinda. Angeweza kuongeza pia kwamba amri hizi unaweza kuziita kutoka lugha ya C, na kompaila ikapanga rejista vizuri kukushinda, na ni kweli. Kasi niliyoipata kwa kushika rejista kwa mkono wangu ilikuwa kiduchu.

Lakini nilisema "unachagua herufi moja". Herufi ipi?

Unapoandika mwenyewe huwezi kulikwepa swali hilo, kwa sababu rejista iko tupu na inakusubiri. Ukichukua maktaba, kuna mtu ameshakujibia. Chukua memchr, maktaba ya lugha ya Rust inayofanya kazi ndani ya ripgrep, mojawapo ya programu za kutafuta zenye kasi sana. Ndani yake kuna jedwali linalozipa baiti zote 256 daraja, kutoka adimu hadi ya kila siku. Ukiipa neno, inashika baiti zilizo adimu kwa mujibu wa jedwali hilo na kuzisaka kwanza. Wazo zuri kabisa. Madaraja yalihesabiwa kutoka maandishi gani? Hawakuficha: kitabu kile kile cha CIA cha takwimu za nchi za dunia, msimbo wa kompaila ya Rust, na Septuaginta, yaani Agano la Kale la Kigiriki.

Mpe jedwali la namna hiyo neno "wakati". Kwa macho ya Kiingereza, adimu humo ni k. Kwetu k iko kila pembe: ku- ya vitenzi, ki- ya ngeli, kwa, katika, -ka- ya masimulizi. Nilipohesabu mafaili ya mjomba, k iliipita t, na t ndiyo ambayo Waingereza huiweka ya pili baada ya e. Ukiisaka k katika Kiswahili, kipande baada ya kipande kinakusimamisha: nenda kahakikishe, si yenyewe, rudi. Prosesa za leo hubahatisha njia kabla ya kujua jibu, na kila ikibahatisha vibaya inatupa kazi iliyokwisha kuifanya. Iko na njia nyingine inayosifiwa, ya kusaka herufi ya kwanza na ya mwisho ya neno kwa pamoja ili kuchuja zaidi. Kwa lugha ambayo karibu kila neno linaishia kwenye irabu, herufi ya mwisho inachuja kama chujio lililotoboka.

Nieleweke. Naheshimu kazi ya memchr kuliko karibu kila kitu nilichosomeshwa. Majibu yake ni sahihi kwa lugha yoyote, kinachopungua ni mwendo tu, na matoleo ya karibuni yanakuruhusu ulete jedwali lako mwenyewe. Mlango wameuacha wazi. Ugomvi wangu ni na sisi tunaopita nje ya mlango huo kila siku tukisema hilo limeshaandikwa. Kuhesabu herufi za Kiswahili ni kazi ya jioni moja, mistari kumi ya programu. Anayekwambia usichungulie chini kwa sababu chini pameshashughulikiwa, muulize pameshughulikiwa kwa maandishi ya nani. Mkuu wangu nilimuuliza. Alinyamaza, akasema, "Sasa wewe, hilo nalo ni tatizo?" Nikamwambia kwa mtu mwenye kompyuta mpya na umeme wa uhakika si tatizo. Hakucheka mara ya tatu.

Nilimpelekea mjomba programu mpya mwenyewe, kwenye basi, kwa sababu nilitaka kuona uso wake. Jedwali lilikuwa limehesabiwa kutoka mafaili yake. Aliandika -pend-, mistari ikatoka kabla hajaondoa kidole. Akaandika -pendelev-. Akasahau kwamba nipo. Maji siku hiyo niliteka mimi.

Jioni nikamwonyesha kwa majivuno mfano nilioupenda kuliko yote. Tafuta "ng'ombe", nikasema. Katika neno hili herufi zote ni za kawaida, n na g na o na m, lakini ile alama ya juu ni adimu sana kwetu, wakati Waingereza wanaimwaga kila mstari. Programu yangu inaijua hiyo, kwa hiyo inaisaka alama kwanza na kuruka karibu faili zima. Akabonyeza. Jibu likaja mara moja.

Mjomba akavaa miwani vizuri, akasoma, akasogeza chini, akarudi juu.

"Ni wachache," akasema.

"Ndio wote, mjomba."

"Mwanangu, mimi mijadala hii ya mifugo nimeichapa kwa mikono yangu. Ng'ombe ni wengi kuliko hawa."

Tukafungua faili moja kwa macho. Alichapa kwa programu ya ofisi, na programu ile, bila kumuuliza, iligeuza alama ya kusimama ikawa alama ya kupinda. Kwa jicho ni ng'ombe yuleyule. Ndani ya faili, ya kusimama ni baiti moja, ya kupinda ni baiti tatu, na hakuna hata moja inayofanana. Magazeti yalikuwa na ya kusimama, Bunge ya kupinda, na wanafunzi wawili watatu walitumia ya kupindia upande wa pili. Kati ya baiti zote za neno, nilikuwa nimeichagua ile ambayo watu hawakubaliani nayo, nikaisaka kwa kasi kubwa, nikawakosa.

Mjomba alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaisogeza kompyuta upande wangu. Betri ilikuwa imebaki nusu.

"Haya," akasema. "Nitafutie ng'ombe wangu wengine."